Mzungu wa Kilo 25

Anayeanza kujifunza kuchora, apewe Mamba Muntu. Yule mwanamke wa majini ana nywele ndefu, nyoka na saa mkononi, ila miguu hana, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha. Fundi wangu hapa Kikula, Likasi, alinipa Colonie Belge.

Hiyo ni picha ya watu wengi: ua wa gereza, mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo, na Mbelgiji amesimama na kiko chake, bendera yao ikipepea. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezunguka na picha zake kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, aliichora tena na tena kwa sababu watu waliitaka sebuleni. Alichora pia zaidi ya picha 100 za historia ya nchi hii kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Tangu 1981 hajulikani alipo. Kama yeye alijinakili hivyo, kunakili si aibu kwetu. Aibu ni kunakili watu wakakataa kuenea.

Nilianzia kushoto na wafungwa, nikawapa nafasi kama jamaa wa harusini. Nilipomfikia askari, palikuwa pamebaki pembamba. Mwili wake ukawa wa mtoto, mkono wa fimbo ukavuka vichwa vya watu watatu.

Turubai lilikuwa gunia la unga, kama la mafundi wa zamani, nikalipaka rangi nyeupe juu juu, maana rangi ni ghali. Ilipokauka, maandishi ya gunia yakajitokeza tumboni mwa Mbelgiji: 25 KG.

“Mwanangu,” akauliza mama jirani, “huyu anauzwa mzima, ao unapima?”

Majirani wakajaa, kila mmoja akitafuta ndugu zake. Mfungwa wa tatu akapewa jina la fundi baiskeli wa njia yetu, akaja mwenyewe kulalamika kuhusu masikio. Kuhusu Mbelgiji hawakubishana: tumbo, kiko, mikono nyuma. Ni mwenye nyumba.

Naye akatokea, siku ya kodi. Akaisogelea picha, akaitazama sana.

“Huyu mukubwa ni mimi?”

“Hapana, baba. Ni ukoloni.”

“Lakini ndiye peke yake mwenye viatu.” Akainama. “Kimoja hakina kisigino. Kitengeneze, nitakuja kuichukua Jumamosi. Na kodi usinisahau, hiyo ni habari nyingine.”