Sifa za Chupa Tupu

Mwenye hadhi akisifiwa hutajiwa ukoo wake kwanza, kwa hiyo tuanze na ukoo. Chupa tupu ni mtoto wa kiu. Huzaliwa pale funda la mwisho linapoteremka, na tangu dakika hiyo haina mwenyewe: aliyeilipia ameikana na aliyeinywa ameisahau. Kwetu Dar es Salaam niliijua tangu utotoni, tena kwa ubaya. Ukitumwa soda, hujafungua mdomo Mangi mwenye duka ameshauliza, "Chupa umekuja nayo?" Huna chupa, soda utainywea palepale dukani, na mgeni wa mama ataendelea kusubiri nyumbani koo likiwa limemkauka. Nilikua nikiamini kwamba chupa tupu imeumbwa kutesa watoto. Leo nasimama mbele yenu kuiomba radhi.

Aliyenisuluhisha nayo ni jiji la Copenhagen. Tulikwenda wawili, mimi na mwenzangu wa Tanga, wote wanafunzi Hamburg, mwezi wa sita mitihani ilipokwisha. Tulikuwa na siku tatu, begi moja la mgongoni kila mtu, na fedha ambazo sizitaji kwa kuhofia kikohozi cha wasomaji. Nauli ya basi tulishalipa. Vitanda viwili vya juu katika chumba cha watu 12, navyo tulishalipa. Nilipouliza kuhusu chakula, mwenzangu alijibu, "Tutaona hukohuko." Mtu wa Tanga akikwambia tutaona hukohuko, beba mkate.

Basi lilipanda feri Puttgarden, upande wa Ujerumani, na dakika 45 baadaye tukashuka Rødby, Denmark. Ndani ya feri tuliwacheka Wadenmark waliokuwa wakirejea kwao. Magari yao yalikuwa yamekaa chini kama punda aliyebebeshwa chumvi: katoni juu ya katoni za bia za makopo, zilizonunuliwa kwenye maduka ya mpakani ambako ni rahisi. Tulicheka sana. Shikilieni makopo hayo, nitayarudia.

Denmark haitumii euro. Ukibadilisha, euro moja inakuwa kroni saba na ushee, na unajiona tajiri mpaka usome ubao wa bei za kahawa. Usiku wa kwanza tulikula mkate mweusi wa rai, mzito kama tofali la kuchoma, pamoja na samaki wa kopo kwenye rojo ya nyanya. Ni chakula cha Wadenmark wenyewe, wala si cha kuonewa haya. Lakini mwenzangu alipolifungua kopo na kuchungulia ndani, alishusha pumzi. "Vibua," akasema. "Nimetoka Tanga nikavuka bahari mbili kuja kula vibua."

Siku ya pili hesabu ilikataa kabisa. Tulikwenda kukaa Kongens Have, bustani ya mfalme, kwa sababu nyasi hazina kiingilio. Jua lilikuwa kali na nusu ya mji ilikuwa imelala chali. Hapo ndipo mwenzangu alipogusa kitu kwa mguu, akakiokota, akakigeuza na kusoma ubavuni: Pant B. Pant ni amana. Mnunuzi huiacha dukani anaponunua kinywaji, na anayerudisha chombo ndiye anayeichukua, awe nani awe nani. Kopo la kawaida ni A, kroni 1. Chupa ya plastiki isiyofika lita ni B, kroni moja na nusu. Ya lita na zaidi ni C, kroni 3. Kwa ufupi, tulikuwa tumekalia fedha.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, na mimi sina la kulitetea debe. Chupa tupu hainyanyui sauti. Inalala nyasini na thamani yake kiunoni kama mwanamke wa heshima na shanga zake, na bei haikutajii mpaka uiname.

Msidhani nasifu kitu cha jalalani kisicho na historia. Chupa tupu ya Denmark imewahi kupanda kizimbani Luxembourg, katika Mahakama ya Ulaya. Kamisheni ya Ulaya iliishitaki Denmark kwamba kulazimisha vyombo virudishwe ni kuziba njia ya biashara. Hukumu ilitoka mwaka 1988. Denmark ilishindwa katika baadhi ya masharti yake, lakini jambo kubwa likasimama: kuhifadhi mazingira ni sababu tosha ya kuidai chupa irudi. Nina jamaa wenye shahada mbili ambao hawajawahi kutajwa katika hukumu yoyote ya maana.

Sanaa nayo ina deni. Yule nguva wa shaba ambaye watalii hupanga foleni kupigwa naye picha, mwenye kimo cha mita moja na robo tu, alitolewa zawadi kwa mji mwaka 1913 na Carl Jacobsen, tajiri wa kiwanda cha bia cha Carlsberg. Jumba la sanamu la Glyptotek ni mkono wa mtu huyohuyo. Mnywaji alipata ulevi, mji ukapata nguva, na katikati yao ilibaki chupa tupu isiyochongewa hata kijisanamu. Aliyeikumbuka ni Hans Christian Andersen peke yake. Aliandika hadithi nzima kuhusu shingo ya chupa iliyovunjika, ambayo baada ya kuzunguka dunia iliishia tunduni, ikimnywesha maji ndege.

Turudi kazini. Kwa bahati tulikuwa tumeangukia tarehe 23 Juni, mkesha wa Sankt Hans, ambapo Wadenmark huwasha mioto mikubwa ufukweni na kuchoma mchawi wa matambara. Tulikwenda Islands Brygge, kando ya maji. Saa nne usiku anga bado lina mwanga, watu wanaimba, mchawi anaungua. Mji mzima ulikuwa ukitazama moto, sisi tulikuwa tukitazama nyasi. "Mwanangu, C! C kushoto, nyuma ya yule dada!" Mwenzangu hajaonja pombe tangu azaliwe, na mwanzoni alisita kushika chombo cha bia. Kisha akatoa fatwa yake mwenyewe: kilichokuwamo kimekwenda na mnywaji, na dhambi imefuatana naye. Baada ya hapo aliokota kuliko mimi.

Asubuhi tulifika kwenye mashine ya dukani tukiwa na mifuko miwili iliyojaa, vifua mbele. Mashine ikameza, ikameza, halafu ikaanza kutema. Tukilisukuma kopo, linarudi. Tukaligeuza, tukalipangusa, tukalibembeleza, likarudi. Nyuma yetu alisimama mzee mmoja mwenye baiskeli, mifuko imening'inia kila upande wa usukani. Alichukua kopo letu moja, akalizungusha taratibu mbele ya macho yetu, na kutuonyesha kwa kidole mahali ambapo alama ingekuwa. Haikuwapo. Yalikuwa makopo ya mpakani, yaliyouzwa Ujerumani bila amana, yakavuka kwa feri, yakanywewa mbele ya mchawi, na sasa yalikuwa yametukalisha kitako. Wale wenye magari yaliyolemewa, nadhani zamu yao ya kucheka ilikuwa imefika.

Mzee aliweka zake. Hakutemewa hata moja. Kwake ile ilikuwa kazi, na mtu wa kazi halibebi kopo kabla ya kulisoma. Tulimpa yetu yote yaliyokuwa bado mfukoni, akayachambua, akachukua mawili na kuturudishia takataka zetu kwa adabu. Baadaye ndipo nilipoanza kuona kwamba mapipa mengi ya barabarani yamefungiwa rafu ndogo ubavuni, ili mwenye chupa asiyeihitaji aiache pale na anayeihitaji asilazimike kuzamisha mkono kwenye uchafu. Katika mambo yote niliyoyaona Copenhagen, pamoja na nguva, rafu hiyo ndiyo niliyoipiga picha mara mbili.

Risiti yetu ilisoma kroni 61 na nusu. Ilitosha shawarma moja ya mtaa wa Nørrebro, tukaigawa. Mimi nilitaka tukailie ndani ya Assistens, makaburi alikozikwa Andersen, kwa sababu ni bustani, bure kabisa, na wenyeji huenda kuota jua humo wakiwa na vikapu vyao vya chakula. Mwenzangu aligoma. "Makaburini hatuli." Kwa hiyo tuliila nje, tumesimama, tumeegemea ukuta wa manjano, mchuzi ukitutiririka mpaka kwenye viwiko. Kisha tuliingia, tukamwamkia Andersen, na nikamweleza kwa Kiswahili kwamba kuhusu ile shingo ya chupa tuko pamoja.

Tulirudi na chupa moja tu, C halali, ya lita moja na nusu. Tuliijaza maji ya bomba, ambayo Copenhagen hunywewa bila wasiwasi, na ndiyo iliyotufikisha nyumbani. Hamburg niliipeleka kwenye mashine ya dukani kwetu. Ikaitema. Nikaigeuza, nikairudisha, ikaitema tena. Amana ya Denmark haivuki bahari. Sasa nimeikata shingo, nimetia udongo na kupanda mnanaa. Iko dirishani.