Tuta Halibembelezwi

Nataka mashimo yetu yarudishwe. Nasema hivi nikiwa na akili timamu, na sijatumwa na mtu.

Kwa miaka mingi sisi wa huku Goba tuliililia lami. Tuliililia kwenye mikutano ya mtaa, tukaililia mbele ya kila mgombea aliyepanda jukwaani, na masika tukaililia zaidi, daladala zinapogoma kupanda kilima na nauli ya bodaboda ikawa inapangwa kwa kutazama mawingu. Lami ikaja. Kina mama wakapiga vigelegele, wazee tukasimama barazani tukiitazama inavyong'aa. Haikupita muda tukagundua kwamba mashimo tuliyokuwa tukiyalaani ndiyo yaliyokuwa yakitulinda. Yalisimamia usalama barabarani usiku na mchana, mvua na jua, bila sare wala posho.

Enzi za mashimo, mwenye gari akifika kona ya msikiti alipunguza mwendo, akashusha kioo, akasalimia. Tukamsifu kwa adabu. Kumbe masikini alikuwa anatafuta pa kupitisha tairi, na kwa kuwa tulikuwa tunatazamana uso kwa uso, akaona aibu kunyamaza. Lami ilipokuja, salamu zikakatika. Siku hizi jirani yangu namtambua kwa mlio wa ekzosi.

Na milio ipo. Mwisho wa juma, kuanzia saa nne usiku, vijana wetu wanacheza ligi. Asiyejua ligi aje alale kwangu Jumamosi moja. Magari mawili yanapangwa sambamba, moja upande wake na lingine upande wa wanaokuja. Kijana wa tatu anasimama katikati, mkono mmoja juu, mwingine umeshika simu, kwa sababu mbio zisizo na video hazihesabiki. Mkono ukishuka, mbwa wa mtaa mzima wanaamka, vitoto vichanga vinalia, na mimi nakaa kitandani nikihesabu kimoyomoyo hadi nisikie wamefika njia panda salama.

Kwa kuwa usingizi umeshakimbia, hesabu zangu zimekuwa nzuri. Kutoka sheli hadi njia panda ni kama kilomita mbili. Kwa mwendo wa 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa kisheria penye makazi ya watu, safari hiyo ni dakika 2 na sekunde 24. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 1 na sekunde 12. Kwa hiyo bingwa wa ligi anaokoa sekunde 72. Huwa najiuliza anazipeleka wapi, maana baada ya hapo namkuta ameegemea gari kwenye kibanda cha chipsi mpaka saa saba usiku, akisimulia jinsi alivyoziokoa.

Kinara wao ni kijana mmoja mwenye gari la bluu, lililoshushwa mpaka bampa linakaribia kulamba lami. Ni kijana mwenye heshima zake, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mhuni ningemtukana nikapumua. Siku moja nilimkuta analiosha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gari lina breki?"

"Breki kali mno, mzee. Hata niwe mia na ishirini, nikikanyaga linasimama hapo hapo."

"Hapo hapo wapi?"

Akaitazama barabara, akalitazama gari. "Hapo hapo, mbele kidogo."

Hapo mbele kidogo ndipo alipo mama wa vitumbua, ndipo lilipo geti la shule ya msingi, na ndipo abiria wanapongojea daladala. Nilijaribu kumweleza fizikia niliyosoma zamani. Ukiwa 50, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukiwa 100 linakula 28, na akili yako inahitaji sekunde yake nzima kabla mguu haujagusa breki. Halafu ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu unayomgonga nayo mtu inazidi mara nne, na umbali wa kusimama baada ya kushika breki nao ni mara nne. Kijana alinisikiliza kwa utulivu, akaongeza sabuni kwenye ndoo, akasema, "Lakini mimi gari naimudu, mzee." Hajawahi kuzaliwa dereva asiyelimudu gari lake. Wasiolimudu ni wengine, na hao wengine wote wanapita kwetu.

Hata hivyo niwatendee haki vijana. Wao angalau wanatazama mbele. Waheshimiwa wa asubuhi ndio walionimaliza.

Ikifika saa moja kasorobo, mtaa unafurika watu wazima wenye familia, leseni na vyeo vyao, na kila mmoja anaendesha gari kwa mabaki ya akili yaliyosalia baada ya simu kuchukua fungu lake. Yupo baba mmoja wa gari kubwa jeupe anayeishika simu mbele ya mdomo kama kipande cha papai, spika imefunguliwa, na mtaa mzima unajua kwamba shemeji yake hajarudisha ile hela. Usukani anauendesha kwa goti. Yupo mama mmoja mwema, mtu wa kusaidia misibani, anayesoma ujumbe wa kundi la wazazi huku akipita kwenye kivuko cha shule. Juzi ujumbe wenyewe ulikuwa unawakumbusha wazazi kuwa makini na watoto wanaovuka barabara. Najua kwa sababu na mimi nimo kundini, na emoji yake ya kushukuru ilinifikia sekunde ileile gari lake liliponifikia. Niliruka mtaroni. Bodaboda naye ameipachika simu ndani ya helmeti, kati ya shavu na sikio, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoiona helmeti ikifanya mtaani kwetu. Abiria wake hana ya kwake, wala hana wa kumpigia.

Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya kupata ajali karibu mara nne ya asiyetumia, na kwamba vile vifaa vya kuongelea bila kushika simu havisaidii sana. Inaingia akilini, maana kinachoondoka kwenye usukani kwanza ni mawazo. Gari likiwa kwenye 50 hiyohiyo ya halali, macho yakikaa kwenye kioo cha simu sekunde tano tu, limekwenda karibu mita 70 bila dereva. Huku kwetu mita 70 ni saluni, genge la nyanya, fundi cherehani na geti la shule, vyote vimepitwa na mtu anayesoma "umeamkaje".

Mtaniambia sheria ipo. Ipo, na umri wake ninaujua. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, mhandisi wa Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama kwenye barabara ya mjini New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi, kwa dude lenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Na mwaka huohuo tena, huko Uingereza, mtafiti aitwaye Watts alitoa ripoti ya majaribio yake ya matuta ya barabarani, akapendekeza tuta la mviringo lenye urefu wa karibu mita 3.7 na kimo cha sentimita 10, ambalo nchi nyingi zimelifuata tangu hapo.

Kwa hiyo 1973 ulizaa ndugu watatu: sheria, simu na tuta. Simu ndiye aliyefanikiwa kimaisha. Kila nyumba imo, na haina anayeikemea. Sheria ndiye mkubwa wa ukoo, anaheshimiwa kwenye hotuba na kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama, kisha anarudishwa kabatini. Faini yake ya papo kwa papo haifikii hata bei ya tairi moja la kijana wa gari la bluu. Sheria ina kibao chake cha 50 pale sheli. Kwa sasa kinatumika kutangaza mganga anayerudisha wapenzi waliopotea. Sheria pia ina tochi ya kupimia mwendo, lakini tochi ina dawa yake: madereva wanawashiana taa. Watu wasiopeana hata salamu ya Idi, mmoja akiona trafiki amejificha chini ya mwembe, atamkonyezea mwenzake taa kwa upendo usio na mipaka ya dini, kabila wala chama.

Aliyebaki ni tuta. Tuta halina shemeji, halina mkubwa wa kupigiwa simu, na halijali kwamba una haraka ya kuwahi uwanja wa ndege. Hulikonyezei taa likahama. Nimemchunguza dereva wa kwetu kwa makini, nami nimefikia uamuzi: haogopi kuua, haogopi kufa, haogopi faini wala Mungu. Anaogopa kukwaruza bampa. Ukimwambia "kuna watoto", anakujibu anajua. Ukimwambia "kuna tuta", anakanyaga breki kabla hujamaliza neno.

Sisi wa umri wangu tunakumbuka enzi za uhaba wa mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Watoto walicheza chandimu katikati ya barabara, magoli ni mawe, na refa hakuwa na haja ya kutazama nyuma. Sisemi uhaba urudi. Nasema tu kwamba hata zama zile, kilichowasimamisha wenye magari ni tangi tupu. Sikumbuki kilichofanywa na nasaha.

Basi tukaamua kujenga tuta. Kwanza tukajenga la kienyeji, Jumamosi moja, kwa kifusi na mifuko miwili ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa mtu. Bwana Watts angeliona angelia. Lilikuwa limekatika ghafla pande zote mbili, na kimo chake kilikuwa ni imani ya aliyeshika koleo. Daladala ya kwanza kupita ilirusha abiria wa siti ya nyuma hadi paani, na konda akashuka kutuuliza kama tuna ugomvi binafsi na kampuni yake. Siku ya pili wenye malori wakalichimbua. Tukaambiwa, na ni kweli, kwamba barabara haiwekewi kitu bila kibali. Huwezi kuweka tuta bila kibali. Kuweka ligi, kibali hakihitajiki.

Tukaandika barua. Barua ikaenda mtaa, ikaenda kata, ikapanda ilikopanda, na baada ya misimu kadhaa mhandisi akaja na kamba yake ya kupimia. Akasema matuta mawili yanawezekana, wananchi tukubaliane mahali pa kuyaweka, na tuchangie rangi na vibao vya tahadhari.

Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Mkutanoni kila mtu alilitaka tuta, na kila mtu alilitaka mbele ya nyumba ya mwenzake. Mwenye baa alisema breki za usiku zitawasumbua wateja wake, ambao sote tunajua hawasumbuliwi na chochote. Baba wa papai alisema matuta yanaua magari, akatoka nje kupokea simu. Mama wa vitumbua peke yake alilitaka palepale alipo yeye, tena akalidai kwa nguvu. "Gari likipunguza mwendo, dereva anaona vitumbua," alisema. "Akiona, ananunua. Akinunua, ananisalimia." Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa siku ile, na ikapita kwa kura nyingi. Nikateuliwa kukusanya michango, shilingi elfu kumi kwa kila nyumba.

Jana jioni mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta kijana wa gari la bluu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hongera, nasikia umepata mtoto."

"Ahsante, mzee. Wa kike. Ndiyo maana nimekuja. Hilo tuta la pili, ninaomba likae mbele ya geti langu. Watu wanapita kasi sana pale, mzee. Hawana utu kabisa."

Nilimtazama muda mrefu. Sikucheka, Mungu alinishika. Nikafungua daftari, nikauliza kama ana la ziada.

"Hapana, mzee." Akajikuna kichwa. "Labda tu wasilinyanyue sana. Gari yangu iko chini, si unajua."

Nimemwandikia elfu hamsini.