Mjomba Anakuja Jumamosi

Simu ilipigwa Alhamisi jioni, mimi bado niko kazini. Aliyepokea ni mama watoto, mikono yote miwili imejaa unga, simu kaibana kwa bega. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, mlenda umegandia sufuriani, ananitazama kama mtu mwenye taarifa ya msiba.

"Mjomba wako kapiga," akasema. "Anakuja Jumamosi. Anataka tukae tuzungumze mahari ya binti."

Binti yetu mkubwa ana miaka 21, anasomea uhasibu chuo kimoja cha Dodoma. Hatukujua kama ana mchumba. Naye, ilikuja kudhihirika, hakujua vilevile.

"Kasemaje hasa?"

"Kasema watu wenyewe keshazungumza nao, 'wako tayali, wanatusubili sisi tu'." Akamwigiza mjomba, l kwa l, kisha akavuta pumzi. "Mimi nikamtafsiri."

Hapo kwenye kutafsiri ndipo nilipotakiwa kumuuliza zaidi. Sikumuuliza, kwa sababu nyumba yetu nzima huishi kwa kutafsiriana. Mama yangu, ambaye ndiye bibi wa nyumba, ni Mnyiramba wa Kiomboi. Wanyiramba wenyewe hujiita Anilamba, na ile r ya Iramba nadhani mama huiona kwenye kibao cha ofisi ya wilaya tu. Marehemu baba alikuwa Mnyaturu wa Ughandi, na Wanyaturu hujiita Arimi, r ambayo haina mzaha. Mimi nilizaliwa katikati ya l na r, nikapelekwa sekondari ya bweni Tabora enzi zile serikali ikimtoa mtoto mkoa huu inampeleka ule. Nikarudi na lafudhi ambayo Singida wanaiita ya Tabora, na Tabora walikuwa wakiicheka kuwa ya Singida.

Mama watoto ni wa Pangani. Dh na th alizipata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani aliyekuwa akikagua kama ulimi wa kila mtoto umetokeza baina ya meno. Ulimi usipotokeza, hutokeza bakora. Alipoolewa huku Singida akatukuta tunasema "zambi" na "samani", akatuhurumia kwa dhati, dhati yenye dh. Kilichomvunja nguvu ni gh. Alikuja amejiandaa kutufundisha, akamsikia baba mkwe akitaja Ughandi na Mughanga kwa gh inayotoka kooni kabisa, gh ambayo hakuna mtu aliyemchapa ili aipate. Tangu siku hiyo alipunguza masomo.

Kitindamimba, mwenye miaka minane, hasemi kama mama yake wala kama mimi. Anasema kama watoto anaocheza nao chandimu nyuma ya majabali, na hilo si ajabu: watafiti wa lugha walishaona kwamba mtoto hupenda kuchukua lafudhi ya wenzake wa rika kuliko ya wazazi. Kwa hiyo ile bakora ya Pangani haikurithiwa na mtu.

Na mjomba? Mjomba, mdogo wake mama, alianza darasa la kwanza mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na mwaka lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Wakubwa walikuwa wameanza kukisanifu Kiswahili zamani. Mwaka 1928 walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia maandishi. Lakini maandishi ni maandishi. Kule kijijini kwa mjomba mwalimu naye alikuwa mtu wa Iramba: aliandika r ubaoni, akaisoma l, na darasa zima likaitikia l. Mjomba kwa mwandiko hakosei hata herufi moja. Kwa mdomo, habari ni "habali" na barabara ni "balabala", nasi tumeshazoea. Akisema l, sikio letu lenyewe linaweka r, hata hatujui kama linafanya kazi.

Basi Ijumaa nyumba ikasimama kwa mguu mmoja. Niliwapigia mashangazi wawili, mmoja Ughandi, mmoja Mtinko. Wote wakasema wameshapanda gari kabla sijamaliza salamu. Nilimwomba mzee jirani, mwalimu mstaafu, awe msemaji wetu. Nikakodi viti 30. Beberu nilimchukua kwa mkopo kwa Mgogo mmoja wa Manyoni anayefuga pembeni ya mji, tena beberu mwenye ndevu za kuheshimika. Mama watoto alitafuta nazi sokoni, akapata mbili zilizosafiri kutoka pwani hadi zikazeeka njiani, akakuna hivyohivyo huku anasonya. Mtu mmoja tu ambaye angetusaidia, bibi mwenyewe, alikuwa msibani Misigiri tangu Jumatano, na simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Binti alishuka kwenye basi la Dodoma saa moja usiku. Alikuwa hajavuka kizingiti, shangazi wa Mtinko akamkumbatia. "Hongera mwanangu! Umetuheshimisha."

"Hongera ya nini, bibi?"

Akaelezwa. Akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo. Nilimsikia akilia, kisha akampigia rafiki yake akisema kwa Kiswahili cha televisheni kwamba "yaani mimi na mjomba babu tutamalizana kesho." Usiku ule sikulala. Nilikuwa napanga nimwambie nini mjomba bila kumvunjia heshima, maana mjomba kwetu hakatazwi kirahisi.

Jumamosi saa tano akafika na bodaboda, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, dumu la mafuta ya alizeti mkono wa kulia, jogoo mkono wa kushoto. Akaona viti, turubai, moshi wa pilau. Akatua dumu chini, akavua kofia.

"Kuna msiba?"

"Hapana mjomba, shikamoo. Tunakusubiri wewe."

"Malahaba, malahaba. Mimi? Watu wote hawa?"

Akakalishwa mbele. Mwalimu mstaafu akakohoa kikohozi cha shughuli.

"Mzee mwenzetu, ujumbe wako tumeupokea kwa mikono miwili. Sasa tueleze. Hao watu ni wa wapi?"

"Wa hapahapa mjini. Balabala ya kwenda Dodoma."

"Uwezo wanao?"

"Wana mashine mbili, na ya tatu iko njiani inatoka Dal es Salaam."

"Alhamdulillahi," akasema shangazi wa Ughandi.

"Binti wanamfahamu?"

"Hawajamwona. Nimewapelekea balua ya chuo, wakalidhika."

Mwalimu akanitazama. Familia ya wasomi, nikawaza, wanataka vyeti.

"Na upande wa kutoa," akaendelea taratibu, "wamesema watatoa nini?"

"Hapo sitawaficha. Hawatoi kitu. Labda chakula cha mchana."

Turubai lote likanyamaza. Hata jogoo, sijui kwa nini.

"Chakula cha mchana," mwalimu akarudia.

"Na si muda mlefu. Miezi miwili tu, kisha analudi chuo. Wakimpenda watamwita tena. Mwaka jana walichukua wasichana watano. Wawili wakabaki nao, watatu wakaludishwa salama."

Shangazi wa Mtinko akasimama. Alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Mlango wa chumbani ukafunguka, binti akatoka macho mekundu, anataka kusema neno. Mimi nikawa natafuta pa kujificha ndani ya uwanja wangu mwenyewe. Na wakati huohuo bibi akaingia getini kutoka Misigiri, kitenge kimefungwa kiunoni, vumbi hadi kwenye kope.

"Nani kafa?" akauliza.

Tukamweleza, watu sita kwa pamoja. Bibi hakusoma hata darasa la kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mkwewe.

"Wewe mwanangu uliyepokea simu. Alisema mahali *ya* binti, au mahali *pa* binti?"

Mama watoto akafumba macho. Nilimwona midomo ikirudia ile simu ya Alhamisi, unga, bega, kila kitu.

"Pa," akasema kwa sauti ndogo. "Alisema *pa*."

Mwalimu mstaafu akainamisha kichwa. Miaka mingi amefundisha upatanisho wa kisarufi, ameandika "mahali hapa pazuri" ubaoni hadi chaki imekuwa vumbi, na kiambishi chenyewe kimekuja kuokolewa na mwanamke ambaye hajawahi kushika chaki.

Mjomba alikuwa amempatia binti mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Kiwanda cha kukamua alizeti, idara ya uhasibu, miezi miwili, chakula cha mchana bure. Binti alikuwa ametembea mji mzima likizo iliyopita akitafuta mahali kama hapo akakosa. Mjomba alisema l, na safari hii l ilikuwa imekaa kwenye kiti chake halali. Sisi ndio tulioing'oa tukaweka r.

Mama watoto hakukubali kushindwa moja kwa moja. Watu wa pwani hawana tabia hiyo. "Mtu anayesema l kila mahali," akauliza, "mimi nitajuaje kwamba mara hii ana haki?" Swali zuri, na sijapata mtu wa kulijibu.

Mjomba, mzee wa kanisa, Mlutheri kama watu wengi wa kwao, akacheka hadi koti likafunguka kifungo. Akatukumbusha kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, vivuko vya mto Yordani, ambapo Mwefraimu aliambiwa atamke "Shibolethi". Akitoa "Sibolethi" anachinjwa. Walikufa 42,000. "Mama," akamwambia mke wangu, "kama wewe ndiye ungekuwa umeshika kisu pale mtoni, mimi leo ningekuwa malehemu." Mke wangu akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pilau na ini lote la beberu juu yake, akapiga goti kumkabidhi. "Karibu mjomba." Akalisema taratibu, r moja wazi kama kengele. Tabia haiishi.

Tulikula. Viti 30 vilijaa, maana majirani walisikia harufu na hakuna aliyeulizia mahari tena. Binti alikaa karibu na mjomba babu yake mchana kutwa akimwuliza habari za kiwanda, na Jumatatu saa mbili asubuhi akaripoti. Shangazi wa Mtinko alikaa wiki nzima, anadai hakuelewa vizuri kwa nini harusi imeahirishwa.

Viti nilivirudisha jioni ileile, kimoja kimevunjika mguu. Deni la beberu nilimaliza kulilipa tarehe 7 Julai, ambayo tangu mwaka 2021 UNESCO imeitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Yule Mgogo alihesabu noti mara mbili, akasema bado elfu mbili. Nilimwomba arudie, nihakikishe nimemsikia vizuri. Akarudia. Zilikuwa elfu mbili kweli.