Milele ya Miaka Miwili

Ukitaka kuchimba mlima usawazishe ploti yako Kakamega, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakutaka uombe kwanza ruhusa ya kaunti. Ukikaidi, faini hadi shilingi 500,000, au miezi miwili jela, au vyote viwili. Sawa kabisa, udongo una heshima zake.

Heshima hiyo si ya leo. Mwaka 1930 wakoloni waliandika sheria kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele. Dhahabu ikaonekana Kakamega, na kufikia Desemba 1932 milele ilikuwa imefanyiwa marekebisho. Wenye shamba hawakuulizwa.

Siku hizi tumestaarabika: tingatinga huja Ijumaa jioni, ofisi za kaunti zikishafungwa.