Safu ya Nne

Fedheha iliyonipata jana alasiri, katika kikao cha ukoo kule Mudzipela cha kuhesabu michango ya harusi, ingali inanichoma masikioni. Maana nilisimama mbele ya wazee na karatasi yangu mkononi, nikatangaza kwa sauti ya khatibu kwamba mzee mmoja mwenye majina manne amechanga "Dieudonné", na kwamba kijana aliyemfuata, ambaye hata nauli ya moto huikopa, ametoa dola milioni mia tisa na tisini na kitu.

Kijana alipigiwa makofi.

Karatasi ile niliitoa kwa cut, programu ndogo ya jamaa ya Unix isiyojua jina wala fedha: hukata mstari kila penye kitenganishi, nacho, usipokitaja, huwa ni tabu (ndilo jina lake, si matusi yangu). Mimi nilitaja nafasi tupu, nikaagiza safu ya kwanza na ya nne, nikidhani kila mja ana jina, postinomu na prenomu kama karatasi zetu zitakavyo, kisha kiasi, kisha simu. Walakini mwenye majina mawili, kiasi chake husogea safu ya tatu, na ya nne ikakaliwa na simu. Na mwenye manne hutoa sadaka ya jina lake la ubatizo. Nafasi mbili zikifuatana, baina yake huhesabiwa safu nzima isiyo na kitu. Mobutu, aliyepiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972 akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, angejaza safu nane peke yake, na mchango wake tusingeuona abadan.

Nacheka, lakini si sana. Ofisi moja ilipata kunizuilia mshahara miezi minne kwa kuwa prenomu yangu ilikaa mahali pa postinomu, na karani akaniambia, bila kuinua macho, "Papa, huyu haiko wewe." Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Juma lililopita niliagiza safu ya nne iitangulie ya kwanza. Cut ikanipa ya kwanza mbele, kama kawaida yake.

Na mstari usio na kitenganishi huuchapa mzima mzima, usipoikataza kwa -s. Orodhani mwangu ulikuwamo mmoja tu, neno moja nililojiandikia usiku juu ya majina ya wajomba ambao hawajatoa kitu, nami, kwa kuwa ulimi ulikwisha shika kasi, nikalisoma: WABAHILI.