Kikaango cha Hewa, Kashikishi

Nasikia shemeji anawaza kununua kikaango cha hewa. Hongera zake. Mashine ile, ambayo Philips waliizindua mwaka 2010, haikaangi hasa: ni oveni ndogo yenye feni, inapuliza hewa ya moto kukizunguka chakula mpaka kikauke ngozi. Hewa ya moto! Hapa Kashikishi, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kina mama huanika chisense, dagaa wetu, juu ya mchanga kwa jua na upepo, bila tone la mafuta wala waya ukutani. Risiti hawatoi.

Lakini shemeji ni mtu wa kisasa na ana hoja. Mafuta ni ghali, kweli. Tumbo lake linahitaji huruma, kweli zaidi. Limebaki suala la umeme, maana mashine hiyo hula kama wati 1,500. Mwaka 2024, ukame ulipolikausha bwawa la umeme la Kariba, shirika la umeme la Zambia, ZESCO, lilikata umeme hata zaidi ya saa 12 kwa siku. Chipsi zinazoiva saa nane za usiku huliwa na nani? Wachawi?

Kisha samaki mwenyewe. Perege wa kuwatosha watu wa nyumba ile, pamoja na wageni wao kutoka Pweto, upande wa Kongo, atalala mkia nje ya kikapu cha mashine kama abiria wa boti iliyojaa. Na kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa. Miezi hiyo kikaango kitapendeza sana juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.