Betri Huugulia Muze, Hufia Sumbawanga

Mwongozo kwa dereva wa Ufipa ambaye gari limemgomea alfajiri

Mwezi wa saba Sumbawanga hauna huruma. Mji umekaa kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, na gari lililolala nje linaamka limenuna. Unageuza ufunguo: tak-tak-tak, halafu kimya. Tulia, ndugu dereva. Fuata hatua hizi, na usiruke hata moja.

1. Usimsingizie jirani

Mji huu umesingiziwa uchawi kwa miaka mingi, tena na watu ambao hawajafika hata Laela. Jirani uliyemnyima lifti jana hana uwezo wa kunyonya volti kupitia ukutani. Taa ya ndani iliyowaka usiku kucha inao. Anza na taa, redio na chaja ya simu.

2. Acha gari lijieleze

Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia na kuwa kama kibatari, chaji imeisha au vichwa vya betri vimelegea. Taa zikibaki kali huku stata ikinyamaza, betri haina kesi: mshuku stata na nyaya zake. Kama ni gari la otomatiki, hakikisha gia iko kwenye P kabla hujamwita mtu. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isiwake, achana na betri, kaangalie mafuta na plagi.

3. Vunja mkutano

Ukifungua boneti tu, wanaume watajaa. Mmoja atasema altaneta, mwingine pampu, wa tatu atataka gari lisukumwe. Wape kazi: wa kwanza alete spana namba 10, wa pili maji ya moto, wa tatu mswaki mkuukuu. Legeza kichwa cha hasi kwanza, kisha cha chanya. Ule ukungu mweupe au wa kijani uliovimba pale ndio unaozuia umeme kupita. Mwagia maji ya moto huku vifuniko vya betri vimefungwa, sugua mpaka risasi ing'ae, kausha. Funga chanya kwanza, hasi mwisho, na ukaze mpaka kichwa kisizunguke kwa mkono. Magari mengi yanawakia hapa, na mkutano unaahirishwa.

4. Pima

Fundi umeme yeyote ana mita. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.6, imejaa; 12.4, imebaki kama robo tatu; 12.0, iko taabani. Gari likiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, altaneta haichaji au mkanda wake umelegea. Ukifunga betri mpya hapo, umenunua maiti ya pili.

5. Shtua kwa adabu

Waya mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima ya gari jingine. Waya mweusi: hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na cheche moja yatosha kuilipua, kwa hiyo anayevuta sigara asogee. Lori lililokuja kubeba mahindi usilikaribie na waya zako: malori mengi hutumia volti 24, na gari lako dogo ni la 12. Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono tu. Otomatiki utaisukuma mpaka stendi na haitawaka.

6. Jua ugonjwa ulikotoka

Hapa ndipo madereva wengi wa Rukwa hupotea. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili ya injini kuwa nzito, lakini kinachoiua betri ni joto. Ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze unapoteza mwinuko wa karibu mita 1,000, na bonde la Ziwa Rukwa linakupokea kwa jua kali. Huko maji ya betri hukauka upesi na mabamba yake ya risasi huliwa. Gari linaendelea kuwaka kwa sababu injini yenye joto haidai nguvu nyingi. Rudi Sumbawanga, lala usiku mmoja wa baridi, ndipo ugonjwa wa Muze hujitokeza.

Kwa hiyo kila ukitoka bondeni, fungua vifuniko kama betri yako ni ya kuongezwa maji. Mabamba yakiwa yamejitokeza, yafunike kwa maji ya betri yasiyo na asidi. Ya bomba yana madini. Asidi ya kuongeza huharibu zaidi. Wala usiiache betri iliyoisha chaji ikae wiki nyingi, maana mabamba hushikwa na ganda gumu na hayapokei chaji tena.

Betri mpya inakula magunia ya mahindi, kwa hiyo usikimbilie kuinunua. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuri zao, malungu, kabla gari halijajulikana nchi hii, na kazi ile haikwenda kwa kubahatisha. Nawe usibahatishe: safisha, kaza, pima. Mita ikikuambia betri imekufa, hapo ndipo uende dukani.